Maneno ya Shemeji Ambayo Sikuyaandika

Nimekosa, na nimekosa kwa mwandiko mzuri. Kwa miaka mingi nimekana kwamba shemeji yangu aliwahi kusimama kwenye mkutano wetu na kulalamika kuhusu polisi. Nimekana mbele yake na mbele ya watu wa kanisani. Leo nasema: alisimama, alisema, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kalamu.

Usinihurumie. Nisikilize tu.

Naishi Weston, hapa Toronto, kwenye ghorofa la zamani linalotazama mto. Nilikuja na mume, mume akafariki, Mungu amrehemu. Ndugu pekee niliyebaki naye nchi hii alikuwa mdogo wake, Deus. Aliishi jengo la jirani na mke na watoto wawili. Kila Jumapili baada ya misa walikuja kwangu kula ndizi, na Deus hakukosa la kunichokoza: "Shemeji, vitabu vyote hivi na bomba la jikoni bado linavuja!" Halafu analitengeneza.

Mimi ni mtu wa maneno. Nimesoma chuo kikuu nyumbani, nikasoma tena huku, na kwa mwaka naandika makala mbili tatu zinazosomwa na watu kumi na wawili, mmoja wao akiwa mimi. Kwa sifa hizo, jumuiya yetu ya Watanzania ikanichagua kuwa katibu. Nilifurahi kama nimeteuliwa uwaziri!

Kama umewahi kuhudhuria mkutano wa Watanzania, unaujua utaratibu wetu. Hata theluji ikifika magotini hatuubadilishi. Kufungua kwa sala, kusoma kumbukumbu, yatokanayo, taarifa ya mweka hazina, na mwisho kabisa, Mengineyo. Kwenye Mengineyo ndipo mtu husema jambo lililomtoa nyumbani, wakati wenzake macho yako kwenye pilau.

Hapo ndipo Deus aliposimama.

"Mwenyekiti, nimesimamishwa tena," alisema. "Asubuhi, natoka kazini, nashuka treni. Polisi wawili. Unatoka wapi, unaenda wapi, toa kitambulisho. Wanaandika kwenye kadi yao, wanaondoka. Hii ni mara ya saba."

Mwenyekiti wetu, Mzee Kileo, akajikuna kidevu. "Pole, Deus. Walikupiga?"

"Hawakunipiga."

"Walikutukana?"

"Mzee, waliniandika! Mara saba! Nimefanya nini?"

Sasa sikia upumbavu wangu. Nilitaka kupunguza joto chumbani. Nikasema, "Shemeji, vua hiyo kofia. Unafanana na Wajamaika."

Watu walicheka! Walicheka mpaka mama mmoja akashika mbavu. Tulicheka kwa sababu tulikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeitamka: polisi wana shida na wale weusi wengine, sisi wametuchanganya nao kwa bahati mbaya, na tukivaa vizuri na kusema polepole wataligundua kosa lao.

Deus hakucheka. "Kofia niliivua, shemeji. Wakaandika, hana kofia."

Akaomba jambo moja tu: jumuiya imwandikie diwani wa kata yetu, ili mji ujue. Mzee Kileo akasema litaangaliwa. Kisha tukala.

Wiki ile nilikaa kuchapa kumbukumbu. Lazima nikueleze kwamba kumbukumbu zetu zilikuwa zinapelekwa nakala kwa diwani, kwa sababu ofisi yake ndiyo iliyotusaidia kupata ukumbi wa mji kwa sherehe ya Uhuru. Mwaka uliotangulia alikuja mwenyewe, akala sambusa tatu, akapiga picha nami. Picha ile niliiweka sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi yangu. Ndiyo, juu!

Nikafika kwenye Mengineyo. Nikatazama dirishani. Nikaandika: "Hakukuwa na mengineyo."

Maneno matatu tu. Nikahariri nafasi kati ya aya, nikatuma.

Baadaye msaidizi wa diwani akanipigia. Mji unajadili mambo ya polisi, akasema, jumuiya mbalimbali zinaombwa maoni, na wewe una kalamu nzuri. Ee, nilivyovimba kichwa! Nikaandika barua ya kurasa mbili. Ndani yake kulikuwa na sentensi hii: "Jumuiya yetu haijapokea malalamiko yoyote kutoka kwa wanachama wake." Ushahidi ulikuwa upi? Kumbukumbu za mkutano, nilizoziandika mimi!

Miaka ikapita. Deus akaomba kazi nzuri ya uuguzi kwenye nyumba ya kulea wazee. Wakataka cheti cha polisi cha tabia njema. Cheti kikachelewa, kikachelewa tena, mwisho akaambiwa jina lake linaonekana mara nyingi kwenye kompyuta zao. Hakuwahi kushtakiwa hata kwa kuvuka barabara vibaya. Alikuwa ametembea tu, kutoka stesheni mpaka nyumbani.

Akaja kwangu. Si Jumapili, Jumanne. Hakuvua koti.

"Shemeji, naomba zile kumbukumbu. Wakili anataka kuona kwamba nililalamika zamani, kabla ya mambo ya kazi."

Ningesema ukweli siku ile, haya yote yangekuwa hadithi ya kuchekana mezani. Lakini akilini nilimwona diwani akisoma, nikaiona barua yangu, nikajiona mimi mwenye shahada mbili nikiitwa mwongo. Nikafungua faili, nikampa karatasi.

Akasoma. Akageuza nyuma, kana kwamba maneno yake yangekuwa upande wa pili.

"Lakini nilisema."

"Shemeji," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ya upole, hilo ndilo linaloniumiza zaidi, "kama ungekuwa umesema, lingeandikwa."

Alikunja karatasi akaiweka mfukoni. Akanitakia siku njema!

Kazi ile hakuipata. Wakahamia Brampton, mji wa jirani, kwenye vyumba vya chini ya ardhi ndani ya nyumba ya mtu, akaajiriwa kwenye ghala, kusukuma mizigo. Jumapili ya kwanza walipokosa kuja nilisingizia theluji. Jumapili ya pili nikasingizia gari. Baada ya hapo sikuwa na cha kusingizia, nikawa napika ndizi za watu watano, nakula mimi mpaka Alhamisi.

Hujui upweke wa mji huu kama hujawahi kuzungumza Kiswahili na friji. Nilianza kupanda lifti bila shida yoyote ya kwenda popote, nisikie tu mtu akisema habari ya asubuhi. Bomba likaanza kuvuja tena. Nikaliwekea bakuli.

Kisha siku moja nilifungua kikao cha mji kwenye intaneti. Wananchi walikuwa wanapewa dakika chache kila mmoja kusema juu ya zile kadi za polisi. Nilikuwa na sahani ya wali mapajani. Akaitwa mtu wa Brampton, aliyewahi kukaa Weston. Deus! Nywele zimeingia mvi. Amevaa suti ya marehemu kaka yake, niliyompa mwenyewe.

Alieleza vizuri, bila hasira. Alipomaliza, mmoja wa wale waliokaa mbele akapekua karatasi. Akasema wana barua kutoka jumuiya yake yenyewe, inayosema hakuna malalamiko. Anaielezaje?

Angeweza kunitaja. Nchi nzima ingenisikia.

"Aliyeiandika ni mtu ninayemheshimu," akasema. "Muulizeni yeye."

Muda wake ukaisha, akaitwa mwingine. Nilikaa karibu na simu siku nne. Hakuna aliyeniuliza! Kwa nini waniulize? Barua yangu iliwafaa ilivyo. Mji mzima ulikuwa na kila sababu ya kuujua ukweli, na mimi nilikuwa nimewapa karatasi ya kujifunikia.

Siku ya tano nilikwenda kuapa mbele ya wakili. Nilieleza kwamba Deus alilalamika mkutanoni, kwamba maneno yake hayakuingia kwenye kumbukumbu, na kwamba barua yangu haikuwa kweli. Kwa nini hayakuingia, hapo nilipita haraka. Nakala moja nikaipeleka kwa diwani, moja kwa bodi inayosimamia polisi, moja Brampton. Ofisi ya diwani ilinijibu kwa kunishukuru kwa mchango wangu endelevu. Picha nikaishusha.

Wewe unayesoma, kama umepewa daftari la kanisa, la msikiti au la chama chochote, andika! Andika hata linalokuaibisha, hata mgeni rasmi atanuna. Usiwafichie wakubwa machozi ya mtu wako ili wakupende. Hawatakupenda. Watakutumia, na yule mtu wako utamkosa.

Simu ya Deus ilikuja Jumamosi asubuhi.

"Shemeji."

"Shemeji Deus! Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Karatasi zako zimefika. Wakili anasema zitasaidia."

Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakanitoka hovyo, bila mpangilio. Aliniacha nimalize. Nyuma yake nilisikia magari ya ghala yakirudi kinyumenyume, yakilia.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Siku ile ulisahau, au uliamua?"

Alikuwa amenifungulia mlango. Ningesema nilisahau, angenikubalia. Nilisikia kwenye sauti yake jinsi alivyotaka niseme hivyo.

"Niliamua."

"Haya," akasema. "Watoto nilikuwa nawaambia mama mkubwa alisahau." Akavuta pumzi. "Asante kwa kunijibu, dada."

Tangu niolewe na kaka yake hakuwahi kuniita hivyo; dada ndivyo anavyomwita mwanamke yeyote asiyemjua. Alikata simu kabla sijasema kitu.