Mke wangu hafungui mdomo kwa chakula nilichopika mimi

Admin, ficha jina langu na la kijiji, lakini umri usifiche. Niko na miaka sabini na tisa. Nimezika ndugu zangu wote wa tumbo moja, nimeona serikali zikija na bunduki na zikiondoka na bunduki, na lori lilipinduka na mimi ndani pale chini ya milima ya Osukuru nikatoka najipangusa vumbi. Daktari aliyesema sitafika Krismasi nilihudhuria mazishi yake. Shule niliacha mapema, haya naandika kwa kidole kimoja. Mwenye kucheka acheke.

Mke wangu ni Msamia wa Bulumbi, mimi mtu wa Tororo. Tulipokutana hakujua lugha yangu na mimi sikujua yake, ndiyo maana nyumba yetu ni ya Kiswahili mpaka leo. Mwaka jana presha ilimpiga, upande wa kulia ukafa. Mdomo umepinda lakini maneno yanatoka. Watoto wako mbali. Kijana wetu mkubwa anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Busia, anatuma sabuni na sukari.

Basi nikaingia jikoni mwenyewe. Kupika najua, na sijisifu bure. Nilikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, nikawa dereva wa trela. Foleni ya mpaka ikikwama, madereva tunapika chini ya trela, jiko la mafuta ya taa katikati ya magurudumu, na sijaona mwanaume akichekwa pale. Watu walikuwa wanaacha magari yao kuja kula samaki wangu wa karanga. Lakini nyumbani, sufuria ile ile, mkono ule ule, imekuwa aibu ya ukoo.

Ilianza na nguo. Nilianika nguo za ndani za mke wangu kwenye kamba, watu wa pikipiki za boda wakapunguza mwendo waone vizuri. Jioni nikaenda kwenye pombe ya ulezi. Sisi wazee tunazunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Mmoja akasema, “Karibu mama! Watoto umewaacha na nani?” Wakacheka. Nikamwambia, “Mimi nilivusha kahawa ya magendo kwa baiskeli wakati wewe unaogopa mbuzi.” Akasema, “Hiyo ni zamani, mzee. Kabla mke hajakutilia dawa.” Nafasi yangu wakaiziba kwa magoti. Nikarudi kuinjika uji. Watu wananiuliza kama niliumia. Sikusikia kitu.

Hilo neno la dawa ndilo lililoharibu. Wanawake wa kanisa walikuja kumwombea mke wangu, na baada ya amina mmoja akamuuliza kwa utani, “Wewe dada, ulimlisha nini mzee mpaka anakufulia?” Wenzake wakacheka. Mke wangu hakucheka. Nilipomletea chakula siku ile akafunga mdomo. Nikagusisha kijiko kwenye midomo yake, akageukia ukuta.

“Nikifa huku wewe ndiye unayenilisha,” akasema, “watanizika kama mchawi.”

Nikamwambia kula, mimi ndiye mwenye nyumba hii.

“Nyumba ni yako, mzee. Mdomo ni wangu.”

Jirani yetu ni mama Zaituni, si jina lake la kweli, anauza vitenge Busia. Nikazungumza naye. Mimi napika, nampitishia sufuria kwa ua wa nyuma, yeye anaingia nayo kwa mlango wa mbele kama yake. Mke wangu akala akamaliza. Akamwambia, “Mwanamke akipika, hata ugonjwa unatulia. Huyu mzee wangu anachemsha tu.” Mimi nilikuwa dirishani kwa nje. Nikaenda kuosha sufuria. Tukaendelea hivyo mpaka mwili ukaanza kumrudia.

Halafu watu wakaanza kuangalia miguu ya mama Zaituni inaelekea wapi. Wakasema anamtaka mzee, anangoja mgonjwa afe. Mume wake akamkataza. Mama Zaituni mwenyewe alikuja uani kuniambia, hakuniangalia usoni. “Mzee wangu, unisamehe. Nina mabinti wa kuoza.” Nikasema sawa.

Sasa mke wangu hali tena. Jumapili kijana wetu alikuja na mpango wake tayari. Kuna mjane wa binamu yangu, nimuoe. “Baba, unatuaibisha. Kazini wananiita mtoto wa mpishi. Wala si harusi, ni kuweka tu mtu jikoni.” Nikamwambia mtu wa jikoni yupo, unamtazama. Hapo mke wangu akasema kutoka kitandani:

“Mzee, oa. Nipate kula.”

Nikaingia jikoni, nikafunika sufuria.

Huyo mjane ni mtu mzuri, sina neno naye. Simtaki, na yeye hanitaki, anatafuta paa lisilovuja. Anakuja Jumamosi na vitu vyake. Nikimpokea, mke wangu atakula, na nyumba yangu itakuwa na mwanamke nisiyemtaka mpaka nife. Nikimkataa, mke wangu ataendelea kumeza maji tu. Nikimwambia ukweli kwamba chakula alichokisifu kilitoka mkononi mwangu, labda atakula. Labda atafunga mdomo kabisa kwa sababu nilimdanganya.

Nyinyi mliosoma, na nyinyi wanawake hasa, nishaurini kabla ya Jumamosi. Nifanye lipi? Msiniambie nilie nipate nafuu. Nimejaribu, hakuna kinachotoka.

Na atakayesema mzee huyu anatunga, mama Zaituni yupo. Mume wake pia yupo, yule aliyemkataza. Sufuria yangu ilipopita kwao alikuwa anapakua yeye kwanza, na siku moja alimtuma mkewe aje aniulize kwenye samaki natia nini. Anajua kabisa ni nani aliyepika. Muulizeni yeye.