Mwezi Uliokatwa kwa Wino Mwekundu

Katika kituo cha hali ya hewa wote walimwita Mama Mvua. Miaka kumi na tisa, kila saa tatu asubuhi, anainamia kipima mvua pale uani, anamimina maji kwenye gilasi yenye mistari, anasoma, anaandika daftarini. Isiponyesha, anaandika sifuri. Wapita njia wakimcheka kwamba analipwa kuhesabu matone, anawajibu, "Endeleeni kucheka, mkilowa msinililie."

Sasa nchi jirani ilikuwa imemtuma mtafiti. Mto ni mmoja: unaanzia huku, unafurika kule. Nchi mbili zimekubaliana kutengeneza mtambo wa kuwaonya watu kabla maji hayajawafikia, na mtambo huo ungejifunza mvua kutoka kwenye madaftari ya Mama Mvua. Mkuu wa kituo alivaa tai, yeye ambaye hata harusini kwake aliikataa.

Mtafiti, dada mwembamba wa miwani, akafungua daftari la mwaka wa mafuriko. "Mwezi huu ndio tunautaka kuliko yote, mama."

Mama Mvua akautazama ukurasa. Mwezi ule alikuwa hospitali siku kumi na moja, za kwenda na kurudi, anamuuguza mama yake mzazi. Kila aliporudi aliogopa kufukuzwa, akakisia: kumi na mbili, thelathini, nane. Hakuna aliyejua. Na akisema leo, huenda madaftari yote yakatupwa.

"Mwanangu," akasema, "humo kuna namba nimezitunga."

Mkuu akacheka cheko la kuziba pengo. "Mama anatania huyu."

"Sitanii, bosi."

"Ulimi huo utatuponza."

"Siku zipi, mama?" mtafiti akauliza.

"Ndiyo shida. Zimechanganyikana na za kweli, sikumbuki."

"Na miaka mingine?"

"Mingine nilikuwepo. Hata na homa, nilijikokota nikaja."

Mtafiti akasugua miwani kwa pindo la blauzi. Halafu akatoa kalamu nyekundu. "Mwezi mzima unatoka. Hiyo miezi mingine tutailinganisha na vipimo vya mto kwetu, ukweli utajionyesha. Kata mwenyewe, mama, uweke na sahihi."

"Umeniaibisha mbele ya mgeni," mkuu akanong'ona.

"Samahani, bosi. Lakini kule kuna watu watalala usingizi kwa kuamini namba zangu."

Akapiga mstari, kona hadi kona. Ulipinda katikati. Akasaini.

Mtafiti akapuliza wino ukauke, akaliweka daftari juu ya mengine kumi na nane, akaomba kamba ya kuyafungia.