Pua ya Kuazima

Wahudumu walimwita Mzee Kizibo, kwa sababu kila alipofungua chupa alikinusa kizibo, akafumba macho, kisha akamweleza mteja atakachokutana nacho kwenye glasi. Orodha ya mvinyo ya mgahawa ule aliiandika yeye, miaka ishirini na minane iliyopita: kurasa nne, mwekundu uliolala miaka mingi kwenye mapipa, mweupe mkavu wa majina yanayojulikana, mbwembwe hakuna.

Mwaka jana alilazwa na homa ya siku tisa. Aliponyanyuka kitandani, pua ilikuwa imekufa. Vitunguu kwenye mafuta, sabuni, moshi, vyote sawa na maji. Alimwambia mkewe tu. Kazini aliendelea kunusa vizibo na kusimulia kwa kumbukumbu, na hakuna aliyeshtuka, maana mvinyo wa aina ile hautangatangi. Uliouzoea utaukuta palepale.

Ndipo binti wa marehemu mwenye mgahawa akarudi safarini na katoni za mvinyo wa rangi ya chungwa, wenye tope chini ya chupa.

Mpishi mkuu aliinua moja kwenye mwanga. "Mama wee! Haya si maji aliyoogeshewa mtoto?"

"Ndiyo mtindo, dada. Huko nilikopita wanapigania meza kwa ajili yake." Binti akamgeukia mzee. "Mjomba, kati ya kurasa zako nne utabaki mmoja. Lakini hii mipya utaieleza wewe. Nikiieleza mimi, wataona nimeleta uhuni. Beba chupa sita ukajifunze. Jumanne alasiri utawafundisha wahudumu."

Angeweza kusema palepale. Lakini bila pua, yeye ni nani katika nyumba ile? Mzee mwenye goti bovu, basi. Akabeba chupa.

Jikoni kwake, mkewe aliketi mbele ya glasi sita.

"Baba watoto, mimi najua kunusa maziwa yaliyoharibika tu."

"Sema kinachokujia."

Akainama. "Huu ni ngozi ya kiatu kipya. Huu, Mungu anisamehe, zizi la mbuzi. Na huu… tufaha lililosahaulika ndani ya mkoba."

Mzee alicheka, kicheko cha kwanza tangu augue, akaandika kila neno.

Jumanne, wahudumu walizunguka meza ndefu na madaftari yao. Chupa tatu zilipita salama. Akamimina ya nne, akaiinua puani, akafumba macho.

"Tufaha," alisema taratibu, "lile lililokaa siku nyingi ndani ya mkoba."

Kalamu zikaandika. Kisha mmoja akakohoa, na mpishi akaweka glasi chini bila kuionja. Ilikuwa siki. Mvinyo ule hautiwi dawa ya kuuhifadhi, kila chupa hushika njia yake. Iliyofunguliwa jikoni kwake ilikuwa nzima, hii imeoza. Mwenye pua angejua kabla ya kumimina.

"Mzee anatupima huyo!" mpishi alidakia. "Anataka aone nani amelala."

Angecheka tu, ingeisha. Lakini binti alikuwa akimtazama, na huyo alimjua tangu anatambaa chini ya meza zile.

"Mjomba, inanukaje?"

"Sijui, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

Binti akawaambia wahudumu wakatandike meza. Walipotoka, alimshika mzee mkono. "Utakaa mlangoni, uwapokee wageni. Mshahara uleule."

Ilikuwa huruma, naye alishukuru kama mtu anavyoishukuru huruma, akiangalia viatu vyake. Orodha mpya ingeandikwa na mtu mwingine.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu ya kamba ya nguo. Mkewe alikuwa akianua. Alimwona, akajua.

"Nilikosea, siyo? Nilinusa vibaya."

"Hukukosea, mama watoto. Chupa ya leo iliharibika. Yako ilikuwa sawasawa."

Hakumwamini. Aliketi kwenye ngazi, shati la kazi la mumewe mapajani, akasema labda alipaswa kuinusa mara mbili.