Filimbi Yangu na Bao Tulilofungwa

Chekeni tu, lakini msiyapeleke mambo haya mtaa wa Musonoi, maana huko bado wananinyooshea kidole: mi ndiye mama aliyeitoa timu yake mwenyewe kwenye kombe, nikiwa nimesimama jukwaani na kikwembe changu kiunoni, bila kugusa mpira.

Msimu ule timu yetu ya hapa Kolwezi ilitutesa. Kwenye ligi tulianza vizuri, halafu mvua zikaja, tukafungwa nyumbani, tukatoka sare na timu tulizozidharau, mpaka ubingwa ukawa habari ya watu wengine. Likabaki kombe tu. Robo fainali kule Kisenge tulipita kwa penalti, mkwe wangu alidaka mbili, na nusu fainali ikawa ya nyumbani. Mkwe wangu, ndiyo: kipa wa timu ndiye mume wa binti yangu Ngalula (jina lake silitaji, sisi wenye asili ya Kasai mama mkwe na mkwewe wanaheshimiana kwa mbali, hawali pamoja, hawatazamani usoni).

Mi niliongoza nyimbo za mashabiki, na nilikuwa na filimbi ya kuwaanzishia na kuwanyamazisha wapiga ngoma. Asubuhi ile Ngalula akaniambia, "Mama, filimbi uache ku nyumba. Bakubwa ba stade balikataza."

Nilijua wakubwa wa uwanja wamekataza, lakini nikamjibu, "Nitaivaa tu shingoni, sitaipiga."

Basi, uamuzi wenyewe ulikuwa huo.

Dakika za mwisho bado sifuri kwa sifuri, na mi ni mtu wa kutotulia, nakaa, nasimama, nafungua kikwembe, nakifunga, nakaa tena juu ya mguu wa jirani. Ngoma nazo zikachanganyikana, kila mpigaji na mdundo wake, roho ikaniwasha, nikashtukia filimbi iko mdomoni nami nimeshapuliza, mara moja tu, lakini ndefu. Mkwe wangu alikuwa ameudaka mpira. Akadhani ni refa, akauweka chini taratibu, akarudi hatua tatu apige kama faulo, na mshambuliaji wao (masikio yake sijui yalikuwa wapi) akaja akausukuma wavuni kama mtu anayefunga mlango. Refa akaonyesha katikati ya uwanja.

Nikaitumbukiza filimbi ndani ya blauzi, nikatazama mawingu. Pembeni yangu alikaa Tata Kazadi, mzee fundi baiskeli, mtu wa kanisa asiyejua kusema uongo. Mtu wa nyuma akamwuliza, "Tata, nani alipiga ile filimbi?"

Akajibu polepole, "Ni Mama Ngalula."

Jina langu likashuka jukwaani safu kwa safu mpaka uwanjani, nikaona mkwe wangu anainua kichwa. Akanitazama usoni, nami nikamtazama.

Mechi ikaisha hivyo, kombe nalo likaisha. Ningekwenda zangu nyumbani hapo, aibu ingekuwa ya kadiri. Lakini nikasikia watu wakisema kocha atamweka benchi kipa huyu mpaka ligi iishe, nikaona siwezi kumwacha mume wa mwanangu abebe kosa langu, nikashuka mbio hadi chumba cha wachezaji, nikagonga, na bila kungoja jibu nikasukuma mlango nikisema, "Tata kocha, kosa ni yangu."

Kocha hakuwemo. Alikuwemo mkwe wangu peke yake, taulo kiunoni na sabuni kichwani.

Nikajifunika uso, nikageuka, nikajigonga mlangoni, nikarudi kinyumenyume, ndoo ya maji ikapinduka nami nikaangukia juu yake. Yeye alikuwa ameelekea ukuta, anasema, "Mama, toka. Nakuomba, mama, toka," na wenzake wakati huo wameshajaa mlangoni.

Kocha alinisikiliza huko nje, nimelowa chapachapa, na mkwe wangu akacheza mechi zote zilizobaki (kwenye ligi tukamaliza katikati, si juu si chini). Wazee wa familia yao wakasema nimevunja heshima ya ukwe, nikatoa mbuzi. Kisha mkwe akamtuma Ngalula kwangu: "Ambia mama, mi siko na kasirani. Lakini saison inayokuja asikilize match ku radio."

Nami tangu msimu uliofuata nasikilizia redioni, nikizunguka meza. Uwanjani sirudi. Nanyi nawaambia, ukikosea mbele za watu, omba msamaha, ni vizuri, lakini mngoje kwanza mwenzako avae.