Bilula, Kaa la Moto na Kikoi Changu

Petroli wakati huu wa vita ni ya mgao wa kadi, nami nilijigamba Likoni nzima kwamba nasafisha chujio la petroli la gari langu bila kumwaga tone. Jana nikalifungua uani, nikasahau kufunga bilula ya tangi. Petroli ikafoka! Nikaziba mpira utokao tangini kwa mikono miwili, huku kikoi kinalegea kiunoni.

Mara akatokea mkwe wangu, mamake mke wangu Fatuma, na kaa la moto aliloomba kwa jirani.

"Mama, usije!"

Akadhani nimeumia, akaja mbio.

Nikiachia mpira, tunaungua sote. Sikuachia. Kikoi kikaanguka.

"Moto, mama! Bilula i wazi!"

Akasimama, akageuza uso, akarudi nyuma polepole.

"Nakuitia Fatuma, mwanangu. Aanze na bilula au kikoi?"