Miguu ya Fundi Cherehani

Kichwa kilimuuma Fundi miezi na miezi, na mashoga zake pale kibarazani wakamtania, "Umezidi kuwaza magauni ya watu!" Naye hucheka, humeza vidonge, huendelea kukanyaga cherehani. Ukungu ulipoanza kumfunika machoni, akabadilisha miwani, kisha balbu. Wapi!

Hospitalini daktari hakuzunguka. "Mama, nadhani maji yanayozunguka ubongo yamezidi, yanakandamiza mishipa ya macho. Nataka nitoe kidogo mgongoni kwa sindano, nipime. Tukichelewa, utapofuka."

Shangazi yake aliyemsindikiza akaruka. "Thubutu! Sindano ya mgongo? Mwanangu, utalemaa! Nani atakukanyagia cherehani?"

Neno hilo la mwisho ndilo lililomshika Fundi. Macho yana miwani, Fundi aliwaza, miguu je? Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na nyumba nzima ilikula kwa miguu ile. Daktari alieleza mpaka koo likamkauka, kwamba sindano inachomwa chini kabisa ya mgongo, na watu huondoka wakitembea. Fundi akashukuru, akaaga, akarudi kazini. Jamani, ukaidi mwingine unauma hata kuusimulia!

Kukapita majuma. Asubuhi moja akalikosa tundu la sindano, halafu sindano yenyewe, halafu mkono wake mwenyewe. Akapiga yowe. Mumewe akamkimbiza hospitali.

"Jikunje, mama, kama unavyoinamia cherehani," daktari alimwambia, amemlaza ubavu. Alijikunja vizuri kupita wagonjwa wote, maana kuinama ndiyo kazi yake. Maji yakatoka kwa kasi. Kichwa kikapoa palepale, akalia kwa raha.

"Sasa nitaona lini?"

Daktari akammulika machoni kwa tochi, jicho moja kisha la pili. "Maumivu tumeyawahi, mama. Macho tumeyachelewa. Mishipa yake imekufa."

Siku hizi mumewe humkalisha kwenye cherehani kila asubuhi, kwa sababu kitandani hulia tu. Miguu yake mizima, haina hata ganzi. Anakanyaga, gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka bila uzi wala kitambaa. Wateja walishahamia kwa fundi mwingine zamani.

Shangazi akija husimama mlangoni, hathubutu kubisha hodi. Lakini Fundi humjua kwa kukohoa kwake.

"Karibu, shangazi," humwambia, miguu ikizidi mwendo. "Njoo uitazame. Haijalemaa."