Gari Lililopita Nyuma ya Vifaru

Nakumbuka alasiri ile ya masika huku kwetu Runyenjes, kahawa imetoa maua, nami nina ndoto kubwa kuliko kichwa changu. Mwanangu, usinicheke nikikuita hivyo. Ndevu zangu bado zahesabika. Lakini aliyetangulia kuteleza ndiye anayejua tope liko wapi.

Nilipenda filamu moja ya vita, ya zamani, ile ya rangi nyeusi na nyeupe. Nilikuwa nayo kwenye simu. Vifaru vyake nilivijua kama mtu anavyojua ng'ombe wake: kile chenye mzinga mfupi, kile kilichokatika mnyororo mtoni. Halafu kulikuwa na gari la wazi lenye bunduki ya rashasha nyuma, likiruka mashimo katikati ya moshi. Hilo ndilo lililoniroga. Mimi na rafiki yangu Ireri tukaamua kutengeneza filamu yetu. Waigizaji tulikuwa nao, sufuria za kuvaa kama kofia za chuma tuliazima. Gari ndilo hatukuwa nalo.

Gari lilikuwa kwa Guka Njeru, babu wa kilima chetu kizima. Landrova kuukuu, lakini mvua ikinyesha hakuna kingine kinachopanda ile barabara. Pikipiki huteleza, ambulensi huishia kwenye lami. Mgonjwa akizidiwa, watu hupiga hodi kwa Guka.

"Pigeni picha," alituambia akishika jembe, "lakini msifungue hata nati moja."

Mwanangu, tulifungua. Lile la filamu lilikuwa wazi, basi tukatoa turubai, tukang'oa benchi, na kwenye matundu yake tukakaza bomba la maji la chuma tulilolipaka masizi. Ilikuwa bunduki hasa! Ireri akapanda na sufuria kichwani, akafyatua kwa mdomo mpaka mate yakamwisha. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha.

Mvua ikaanguka. Mara tukamwona jirani yetu Wawira anakuja, mumewe amemshika kiunoni, wanapiga hatua mbili, wanasimama.

"Guka yuko? Mtoto anakuja!" mumewe akaita.

Guka alitoka shambani mbio. Akaitazama Landrova yake. Hakutukana, na mimi nilitamani angetukana.

"Spana," alisema.

Lakini nati tulikuwa tumezikaza kwa nguvu zote za ujana. Ziligoma. Wawira akashika mlango, akauma midomo. Guka akatupa spana chini.

"Wachaneni na bomba. Leteni magunia!"

Tukamlaza juu ya magunia ya kahawa, bunduki yetu ikining'inia juu ya tumbo lake. Mumewe akampakata kichwa, Guka akashika usukani. Mimi na Ireri tukashika turubai juu yao safari nzima, maji yakituingia shingoni. Kila shimo lilimrusha, maana benchi lenye godoro lilikuwa limelala nyasini kwa Guka. Kila alipolia niliomba kimoyomoyo: Mungu, chukua ndoto zangu zote, mwache huyu mama.

Uchungu ulipompa nafasi, alimkazia macho Ireri. "Wewe. Hiyo sufuria si yangu?"

"Ni yako, anti. Nitairudisha."

Langoni mwa hospitali bawabu aliona bomba, akainua mikono. "Wazee, mmekuja kujifungua ama kupindua serikali?"

"Fungua lango, kijana!" Guka akanguruma.

Msichana alizaliwa salama, sisi hata hatujakauka. Nililia pale nje bila aibu. Guka akaketi kando yangu kwenye bampa la gari.

"Mugendi, hiyo sinema umeiona mara ngapi?"

"Mara kumi na moja, Guka."

"Nitajie magari yake."

Nikataja yote, na mizinga yake.

"Na la kubeba walioumia?"

"Halimo, Guka."

"Limo. Mahali watu wanaumizana, lazima kuna anayewabeba. Wewe ulitazama kinachoua tu."

Nyumbani niliitazama mara ya kumi na mbili. Mwanangu, limo. Nyuma ya vifaru, kwa kufumba na kufumbua, kinapita kilori chenye msalaba ubavuni, na mtu amesimama nyuma ameshika turubai. Mara kumi na moja nilikuwa nimemtazama bila kumwona.

Basi nisikilize. Sikukatazi kupenda filamu. Mimi mwenyewe bado nazipenda, na yangu nitaitengeneza. Lakini ukiona chombo chenye nguvu, usiulize kwanza kinaweza kumwangusha nani. Uliza kinaweza kumbeba nani. Na cha mtu ukiazima, kiache kilivyo, kwa sababu hujui ni nani atakayekihitaji kabla jua halijatua.

Mungu akupe barabara kavu, mwanangu. Na ikinyesha, usikose mtu wa kukushikia turubai.